Umepaka Keja Aqua? Poa, Lakini Ukuta ni wa Nani?

Fungua TikTok usiku ukiwa umejilaza kwa godoro na haitapita dakika kumi kabla ile video ikupate. Msee anaingia keja tupu. Kuta ziko rangi ya maziwa yaliyolala, kona moja iko na alama ya vidole vya mtoto wa mpangaji aliyehama. Anaweka ngoma. Sekunde kadhaa baadaye ukuta mmoja umekuwa aqua, ile bluu ya katikati, si ya anga na si ya sare ya shule, bluu yenye kijani kidogo ndani kama maji ya kuogelea ya hoteli ya Diani. Kuna kioo kirefu, taa za kamba, zulia la manyoya na mmea wa plastiki. Komenti zimejaa mioyo. Na wewe hapo kwa bedsita yako Makutano, Meru, ama kule Embu mtaa wa Blue Valley (jina lenyewe lishakuchagulia rangi), unageuka unacheki ukuta wako na unaona ni kama umekaa jela.

Kesho yake uko kwa hadwea.

Sikucheki vibaya, juu mimi pia nilifanya hivo. Na siandiki hapa kukuambia aqua ni mbaya. Ni moja ya rangi poa unaweza kuweka kwa chumba kidogo. Stori yangu ni kwamba ukuta unaopaka si wako, na mwenye ukuta anajua hivo kuliko wewe. Hiyo kitu ndogo ndio inaamua kama hiyo doo umetumia ni ya kujipamba ama ni zawadi kwa landilodi.

Tuanze na rangi yenyewe, juu wasee wengi wanakosea hapo hata kabla ya kufika kwa landilodi.

Ukiambia fundi "nataka aqua" atakuangalia, halafu atakuuliza bluu gani. Kiswahili chetu kiko na bluu na samawati, na hapo katikati kila mtu anajitetea na mfano: bluu ya bahari, bluu ya daftari, bluu ya ile matatu. Hapo ndio balaa huanzia. Fundi wa mtaa atanunua mkebe wa rangi nyeupe na chupa ndogo za rangi kali, atie matone ya bluu na ya kijani, akoroge na kijiti, akuonyeshe. Mnakubaliana, anapaka. Rangi ikiisha kabla ya ukuta kuisha, anachanganya ingine. Hiyo ya pili haitawahi kufanana na ya kwanza, hata fundi awe na macho ya mwewe. Utaishi na mstari hapo juu ya kitanda mpaka uhame.

Kama hadwea iko na mashini ya kuchanganya rangi, na Meru na Embu mjini utazipata, chagua kutoka kwa ile kadi ya rangi na uulize namba ya rangi. Piga picha ya kibandiko kilicho juu ya mkebe. Iwe ni Crown, iwe ni Duracoat, iwe ni Sadolin, namba ndio kumbukumbu yako. Bila hiyo namba hauwezi kurudia hata doa moja.

Na usishtuke ukionyesha mathe picha ya keja halafu acheke. Mathe yangu alicheki kwa simu akaniuliza, "Kwani umehamia dispensari?" Nilikasirika kidogo halafu nikaelewa. Kwetu hii rangi ina historia. Watu wa rika lake wameiona maisha yao yote, lakini kwa ile nusu ya chini ya ukuta: zahanati, ofisi ya chifu, darasa, hoteli ya chai na mandazi. Juu rangi ya krimu, chini bluu ama kijani cha mafuta, yenye kung'aa. Haikuwa urembo. Ilikuwa ni hesabu ya usafi, juu hapo chini ndio watu wanaegemea, watoto wanapangusa mikono, na rangi ya mafuta unaiosha na kitambaa na sabuni. Hata madaktari wenyewe waliingia kwa hiyo familia ya rangi kitambo. Mwaka wa 1914 daktari mmoja wa upasuaji San Francisco, Harry Sherman, aliamua chumba chake cha upasuaji kiwe kijani juu weupe mkali ulikuwa unamuumiza macho akitoka kutazama damu. Kwa hivyo wewe ukisema aqua inakutuliza, hauongei uongo. Ni vile tu mathe akiiona anakumbuka foleni ya sindano.

Sasa kuna ushauri unazunguka mtandaoni kuhusu aqua, na mwingi umetengenezwa na watu wa London ama Toronto. Wanakuambia usiweke bluu kwa chumba kinachoangalia kaskazini, ati ni baridi, halina jua. Huko kwao ni ukweli, juu jua lao liko upande wa kusini mwaka mzima. Lakini Meru iko karibu kabisa na ikweta, na Embu iko chini yake kidogo tu. Kwetu jua la saa sita liko upande wa kaskazini kutoka mwisho wa Machi hadi Septemba, halafu linahamia kusini miezi inayobaki. Dirisha lako la kaskazini linapata jua Juni, la kusini linapata Disemba. Kwa hivyo ile sheria ya kaskazini na kusini, itupe.

Chenye kinakuhusu ni mlima. Sisi tuko upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Asubuhi jua linakuja bila kuulizwa, mchana mawingu yanajikusanya huko juu, na jioni jua linazamia nyuma ya mlima. Chumba chenye dirisha la mashariki kitakupa aqua tamu sana saa mbili asubuhi, yaani unaamka unahisi uko Watamu. Chumba cha dirisha la magharibi kitapata mwanga uliochoka. Halafu kuna Julai na Agosti. Kama umeishi Meru Julai unajua, ukungu mpaka saa nne, nguo zinakaa kwa kamba siku tatu na bado zinanuka maji. Mwezi huo chumba ambacho kuta zote nne ni aqua kinakuwa friji. Si eti rangi inashusha joto, ni macho yako yanakuambia ni baridi, na mwili unaamini.

Ndio maana mimi ni timu ya ukuta mmoja. Ule wa nyuma ya kitanda ama ule unaokabiliana na dirisha. Zingine ziache krimu. Weka mbao, kikapu, pazia la rangi ya haradali, kitu cha joto karibu yake. Na kumbuka udongo wetu ni mwekundu. Mvua ya Aprili ikinyesha, ule udongo unaingia na viatu, na kwa ukuta wa aqua doa jekundu linaonekana kutoka barabarani. Usishushe rangi mpaka sakafuni mahali watu wanavulia viatu.

Cheki pia balbu. Landilodi wengi wanakuwekea ile nyeupe kali ya bei ya chini. Chini ya hiyo aqua inaenda bluu kabisa, baridi kama ya mochari. Badilisha uweke yenye mwanga wa manjano na ile ile rangi inaegemea kijani. Kwa hivyo usichague rangi saa nane mchana ndani ya hadwea. Nunua mkebe mdogo kama wanauza, paka kipande cha kadibodi, kaa nacho siku mbili, ukihamishe kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, asubuhi na usiku.

Haya, tuingie kwa ukuta wenyewe, juu hapo ndio mambo yanakuwa serious.

Miji hii yetu imejengwa mbio. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, pale Nchiru, kilipata hati kamili mwaka wa 2013. Chuo Kikuu cha Embu kikafuata 2016. Chuo kikija, wanafunzi wanakuja, na mwenye kipande alikuwa anapanda ndizi anaona afadhali apande bedsita. Kuna majengo yanamalizwa mbio ili yapate wanafunzi wa mwezi wa tisa. Plasta mpya inataka kama wiki nne ikauke kabla ya kupakwa rangi, na kwa baridi ya huku inaweza kutaka zaidi. Wiki nne bila kodi? Landilodi gani? Wewe unaingia, ukuta bado una maji ndani, unaweka aqua yako. Miezi mitatu baadaye inatoa chumvi nyeupe, inavimba, inabanduka kama ngozi ya nyoka. Unalaumu fundi. Fundi analaumu rangi. Hakuna mtu anamlaumu mwenye kukupa nyumba mbichi.

Weka kiganja kwa ukuta asubuhi. Kama ni baridi ya maji, ama kuna vidoa vyeusi vya ukungu kwa kona, rangi haitakusaidia. Osha ule ukungu kwanza, acha dirisha wazi ukipika, na umwambie landilodi kama maji yanatoka nje ama kwa bomba la jirani. Kupaka juu ya ukungu ni kama kujipulizia manukato bila kuoga.

Na ile nusu ya chini ya mafuta, kama nyumba yako ni ya zamani na bado iko nayo? Rangi ya maji haishiki vizuri juu ya mafuta, kwa hivyo fundi atataka kuikwangua na msasa. Hapo simama kidogo. Rangi za zamani za mafuta, hasa zile za manjano, nyekundu na kijani kikali, zilikuwa mara nyingi na madini ya risasi. Siku hizi Kenya inaruhusu kiwango kisichozidi sehemu 90 kwa kila milioni ndani ya rangi, lakini hiyo sheria haiwezi kurudi nyuma iingie kwa ukuta uliopakwa kabla uzaliwe. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo ndio wanaumia zaidi, kwa ubongo. Vumbi la msasa ndio njia rahisi ya hiyo sumu kuingia mwilini. Kama hujui ukuta una umri gani, usikwangue ukavu. Lowesha, tumia msasa wa maji, toa mtoto na mama mjamzito kwa nyumba siku hiyo, futa sakafu na kitambaa chenye maji, usifagie. Kama hiyo rangi ya zamani imeshika vizuri na haibanduki, iache hivo, paka tu ule ukuta wa juu. Aqua ya nusu ukuta bado ni aqua.

Sasa ganji.

Chukua bedsita ya kawaida, meta 3 kwa 4, ukuta wa urefu wa meta 2.6. Zungusha kuta zote, toa mlango na dirisha, unabaki na kama meta mraba 32. Lita moja ya rangi ya maji inafunika kama meta mraba 10 kwa koti moja, kama ukuta ni laini. Koti mbili chumba chote, unahitaji kama lita 6 na nusu. Ukuta mmoja wa meta 3 unahitaji lita moja na nusu hivi, yaani mkebe wa lita 4 unatosha na unabakisha ya kuziba makosa. Mpaka hapo unaona ni rahisi.

Lakini ngoja siku ya kuhama. Kufunika bluu ya katikati na nyeupe si mchezo. Koti mbili bado utaona kivuli cha bluu, kama mtu aliye nyuma ya pazia. Hesabu tatu. Chumba chote koti tatu ni kama lita 10. Yaani kurudi ni ghali kuliko kwenda, na hiyo bill ya kurudi hakuna video imewahi kukuonyesha. Video inaisha mahali msee amekaa kwa zulia akinywa chai.

Na kisheria nani anailipa hiyo bill? Wengi hatujui, na si ajabu, juu sensa ya 2019 ilionyesha zaidi ya robo tatu ya familia za mijini Kenya zimepanga, na bado hakuna mtu hukufundisha kupanga. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 66, inasema mpangaji anarudisha nyumba ikiwa kwa hali ile aliipata, kama mkataba wenu hausemi kitu kingine. Lakini inamtoa kwa uchakavu wa kawaida. Soma hiyo mara mbili. Rangi ya krimu ikififia juu umeishi hapo miaka mitatu, hiyo ni uchakavu, si deni lako. Ukipaka aqua bila ruhusa, hiyo si uchakavu. Hiyo ni wewe. Landilodi akikudai hapo, manze, ako na point.

Hii ndio kitu ilinikuta Embu. Nilikuwa bado chuo, kabla tuachane, na nilikuwa nimeanza kupata doo kidogo ya kuandika. Nikaambia keateka nataka kupaka, akasema, "Paka tu, mzee hana shida." Nikapaka kuta zote nne, sikujua mambo ya ukuta mmoja. Wikendi nzima, na beshte yangu, tukapaka mpaka soketi. Nikaishi hapo mwaka na nusu nikiwa nimefurahi. Siku ya kuhama mzee akakuja mwenyewe. Akasimama kwa mlango akaangalia, akasema dipoziti yote inaenda kwa rangi. Nikamwambia keateka aliruhusu. Keateka akasema hakumbuki. Sikuwa na meseji, sikuwa na karatasi, sikuwa na hata picha ya vile niliikuta. Nikatoka hapo na godoro kwa mkokoteni.

Hiyo ningeisahau. Wiki chache baadaye msee wangu ananitumia tangazo la keja kutoka kwa grupu ya Facebook, ananiuliza, "Hii si ni kwako?" Kuta ni aqua. Soketi yenye rangi ni ile ile, naijua, nilijaribu kuisafisha na kisu. Kodi imeongezwa na tangazo linasema imerembwa upya. Hakupaka hata tone. Alichukua doo ya kufuta kazi yangu, halafu akaiuza hiyo kazi.

Hapo ndio nilianza kuangalia mji vizuri. Tembea mtaa wowote wa biashara, Meru ama Embu, ucheki maduka. Moja kijani ya kampuni ya simu, lingine nyekundu ya simu ingine, lile la pembeni rangi za unga ama sabuni. Kampuni zinajua ukuta ni mali. Zinakuja na rangi yao na fundi wao kabla ya kugusa jengo la mtu, na wote wawili wanajua nani anapata nini. Ni sisi tu, wapangaji wa ndani, tunaongeza thamani kwa ukuta wa mtu, kwa doo yetu, kwa wikendi yetu, halafu tunalipa faini juu ya hiyo.

Utasema kuna mahali pa kushtaki. Ndio, zipo, lakini cheki vile ziko. Sheria ya kudhibiti kodi, ile yenye mahakama yake maalum ya wapangaji, inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Nitafutie bedsita ya hiyo bei karibu na chuo. Bungeni kulikuja Mswada wa Landilodi na Mpangaji wa 2021, uliotaka kuunganisha sheria tatu za zamani kuwa moja, na Bunge lile likaisha 2022 kabla uwe sheria. Kwa hivyo bado tunatumia hizo za kina babu. Wakati huohuo kama umeajiriwa unakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kila mwezi kwa nyumba za bei nafuu, na siku ukipata yako utapaka hata zambarau. Mpaka hiyo siku, uko kwa ukuta wa mtu.

Mlango ulio wazi kidogo ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya 2016. Inashughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni moja, sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Dipoziti iliyokataliwa ni doo yako iliyoshikwa na mtu, na hiyo ni aina ya dai wanalosikiliza. Lakini hakimu atauliza kitu kimoja ambacho mimi sikuwa nacho. Ushahidi.

So kabla ya mkebe kufunguliwa, fanya hii kitu ya dakika tano. Siku ya kuingia, kabla ya kuleta hata sufuria, piga video ya kila ukuta, kila kona, dari, soketi, na useme tarehe kwa sauti. Tuma kwa WhatsApp ya landilodi, si ya keateka. Keateka ni msee wetu, tunampenda, lakini hana mamlaka ya kutoa ukuta wa mtu, na akifutwa kazi kumbukumbu yake inaenda naye.

Halafu andika meseji. Si lazima iwe ya Kiingereza cha korti. Mimi ile naandikaga siku hizi inaenda hivi: "Habari ya asubuhi mzee. Ni mimi wa nyumba namba fulani. Ningependa kupaka ukuta mmoja wa nyuma ya kitanda rangi ya aqua, kwa gharama yangu. Naomba unijulishe kama ni sawa, na kama nikihama nitaurudisha nyeupe ama utabaki hivo." Hiyo sentensi ya mwisho ndio ya maana. Watu wengi wanaomba ruhusa ya kupaka na wanasahau kuuliza kuhusu kuhama. Akijibu "sawa, utabaki", piga picha ya skrini uitume kwa barua pepe yako mwenyewe. Akijibu "sawa, lakini utarudisha", basi umejua bei, weka kando doo ya lita mbili na nusu za nyeupe, na uurudishe mwenyewe kabla ya kupeana funguo. Usimwachie afanye na fundi wake, juu hiyo risiti hutawahi kuiona. Na kama tayari mmefika hapo kwa ubishi, omba risiti. Doo inayokatwa kwa dipoziti ya rangi inafaa kuwa na risiti ya rangi.

Kuna wale watasema landilodi wao ni mzee wa kanisa, mtu wa heshima, hakuna haja ya meseji. Heshima ni poa. Mimi namwamkia wangu vizuri kila asubuhi na bado niko na meseji zake zote.

Na unaweza kujaribu kumbembeleza pia. Landilodi wengi hupaka nyumba upya mpangaji akihama. Mwambie hiyo doo ya rangi atumie sasa ukiwa unaingia, wewe uongeze tofauti ya aqua na kazi ya mikono. Beshte yangu alifanya hivo pale Makutano. Mzee alinunua nyeupe ya kuta tatu, yeye akanunua mkebe mmoja wa aqua, wakapaka wote wawili Jumamosi, mzee akiwa na gambuti na redio ya kutangaza mpira. Sasa mzee anataka ukuta kama huo kwa nyumba zote za juu. Amemuuliza namba ya rangi.

Beshte hajamtumia bado. Anamwambia kwanza waongee kuhusu kodi ya mwezi wa nane.